Ondoa rangi kwanza

Nina tabia inayowakera wanaokaa pembeni yangu nikihariri picha. Kila picha naigeuza kwanza iwe nyeusi na nyeupe, hata kama mteja amesisitiza rangi. Nataka kujua kama mtu niliyempiga picha bado anaonekana.

Aliyenifunza ni Claude Monet, mchoraji Mfaransa. Katika mchoro wake wa 1872, Impression, soleil levant (yaani taswira ya jua likichomoza), kuna jua la rangi ya chungwa juu ya bandari ya Le Havre, Ufaransa. Ukilikazia macho, linacheza. Chukua nakala ya mchoro huo uondoe rangi zote: jua linakaribia kupotea mawinguni, maana ung'avu wake unakaribiana sana na wa anga inayolizunguka. Margaret Livingstone, mtafiti wa mfumo wa neva wa Harvard, ameeleza sababu. Njia za ubongo zinazotuonyesha kitu kiko wapi, kina umbali gani na kinakwenda upande gani, hutegemea zaidi tofauti za mwanga. Rangi hazizisaidii sana. Njia nyingine ndizo zinazoshika rangi. Kwa hiyo jua lile tunaliona vizuri kabisa, ila ubongo unashindwa kulipatia mahali pa kutulia.

Monet alikusudia, au jicho lake lilimtosha. Sisi wengine hutuangukia bila kutaka: gauni jekundu mbele ya majani mabichi. Ukiwa umesimama pale, rangi zinapiga kelele. Ondoa rangi, gauni na majani ni kijivu kimoja, na mtu amegandishwa kwenye kichaka. Hapo wengi hukimbilia kukoleza rangi, jambo nisilolipenda hata kidogo. Afadhali nimsogeze hatua moja mwanga umguse bega, au nitafute kivuli cha kuweka nyuma yake.

Hata kijivu chenyewe kina hila. Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Alizichunguza, akakuta weusi wake hauna kasoro. Zilizouharibu ni rangi zilizofumwa jirani. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 1839. Kwa sababu hiyo nyuma ya picha ninayohariri huweka kijivu cha katikati: ukiizungushia nyeupe, picha ileile huonekana ya giza, na mkono unaanza kuiangaza bila sababu.