Nilivyotenga viraka vyetu vya Dolibarr na kuvihamishia toleo jipya

Kiwanda kidogo cha kubangua korosho ninachokihudumia hapa Mtwara kinaendesha mauzo na ghala kwa Dolibarr, programu huria iliyoandikwa kwa PHP. Fundi aliyenitangulia alihariri msimbo wake papo hapo kwenye seva, bila Git, programu inayotunza historia ya msimbo, wala maandishi. Mabadiliko hayo ndiyo naita viraka. Toleo likaganda, maana aliyetaka kulipandisha alihofia kufuta kazi ambayo hakuna aliyeijua yote.

Nilianza kwa kutafuta tumebadilisha nini. Nilivuta hazina ya msimbo wa Dolibarr, nikafungua tawi la "korosho", yaani mstari wetu wa mabadiliko, kwenye tagi (alama ya toleo) ya toleo lilelile la seva, 19.0.3, nikanakili mafaili ya seva juu yake. Faili la conf.php nililiacha nje, kwa kuwa lina nywila ya hifadhidata. Amri ya git diff, inayoonyesha tofauti, ikaonyesha mafaili kadhaa yamebadilika mstari wa kwanza hadi wa mwisho! Yalikuwa yamehaririwa kwenye Windows, ambako mistari huishia na alama tofauti. Nilipoongeza --ignore-space-at-eol, inayopuuza tofauti hizo za mwisho wa mstari, yakabaki mabadiliko ya kweli, machache kuliko nilivyoogopa. Mafaili nikayasafisha alama hizo za Windows kwa dos2unix.

Kisha nilikaa na mama anayesimamia ghala, nikamuuliza kila badiliko linamsaidia nini. La gredi kwenye hati ya mzigo hakutaka hata lijadiliwe: "Mwanangu, hati isipotaja gredi na loti, gari halitoki hapa." Ana haki. W240 na W320 hazina bei moja; namba hiyo ni kikomo cha juu cha idadi ya punje katika ratili moja.

Kwa git add -p, inayochagua mabadiliko kipande kwa kipande, nilitenganisha kila badiliko likawa komiti yake (rekodi moja ndani ya Git), na ujumbe unaoeleza aliyeliomba na sababu. Kwangu ujumbe huo una thamani kuliko msimbo wenyewe. Wenye programu wakiandika upya faili lote, kiraka hakishiki tena, lakini sababu inakuwezesha kukishona upya.

Halafu nikavipunguza viraka. Kuondoa senti kwenye jumla kumbe kupo tayari kwenye mipangilio. Hati ya mzigo niliigeuza moduli ndani ya htdocs/custom, folda iliyotengwa kwa moduli za nje. Marekebisho ya hitilafu moja niliyatuma kwa wenye programu, kwani yanamfaa kila mtu.

Vilivyobaki nilivihamisha hivi:

git rebase --onto 20.0.0 19.0.3 korosho

Maana yake: chukua komiti zilizo baada ya 19.0.3 kwenye tawi letu, yaani zetu tu, uzipange juu ya 20.0.0. Nilikuwa nimewasha rerere, kipengele cha Git kinachokumbuka utatuzi wa migongano, hivyo mgongano nilioutatua kwenye jaribio Git iliukumbuka nilipofanya kazi yenyewe. Mwishoni git range-diff ilinionyesha kiraka kwa kiraka kipi kimebadilika njiani.

Kazi hii naifanya kabla ya Oktoba, msimu haujachanganya, kwanza kwenye kompyuta ya majaribio yenye nakala ya hifadhidata. Tawi la zamani nalitilia tagi. Nakala ya hifadhidata siigusi mpaka watu wa ghala wametoa mizigo kwa toleo jipya, kwa sababu Dolibarr ikishapandisha majedwali haina amri ya kuyashusha.