Petro Alikaa Siku Kadhaa

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii niliombwa kuandaa maombi ya umoja kwa ajili ya ibada yetu, na kalamu ikakataa kusonga. Haikuwa kwa kukosa maneno, kwa maana maneno ya umoja tunayo mengi mno. Ilikuwa kwa sababu tumeuombea umoja mara nyingi, tukaitikia amina kwa sauti moja, kisha baada ya baraka kila mmoja akarudi kwa watu wa kabila lake, wa elimu yake na wa hali yake ya maisha.

Nikarudi kwenye Matendo 10, sura ambayo wengi wetu twaweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Tunapenda kuhubiri habari za ile nguo kubwa iliyoshuka kutoka mbinguni, na tunalipenda tamko la Petro kwamba Mungu hana upendeleo. Lakini safari hii nilishikwa na maneno ya mwisho kabisa ya sura hiyo, ambayo ni nadra kuyasikia mimbarani: watu wa nyumba ya Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, walimsihi Petro akae kwao siku kadhaa. Maono yalimfikisha mlangoni. Baada ya hapo ilimpasa kula chakula chao na kulala chini ya paa lao, na nadhani sehemu kubwa ya kazi ilifanyika huko.

Wachunguzi wa tabia za watu wamelifikia jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba makundi yanayodharauliana yanaweza kupunguza dhana mbaya yakikutana, ila alitaja masharti manne: wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane badala ya kushindana, na mamlaka wanayoiheshimu iunge mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi wa tafiti 515, wakaonyesha kwamba kwa jumla kukutana hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale masharti hayo yanapozingatiwa. Wala tusidhani kwamba ubaguzi lazima uwe na historia ndefu ya uadui. Henri Tajfel, katika majaribio aliyoyaeleza mwaka 1970, aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, akiwaambia kwamba amefuata tu jinsi walivyokadiria idadi ya nukta. Nao, pasipo kufaidika chochote, wakawapendelea wa kundi lao katika kugawa fedha.

Mimi nililelewa nikisikia watu wa upande fulani wakitajwa kuwa si wa kuaminika penye fedha. Mahubiri ya Msamaria mwema niliyasikia miaka yote, niliyapenda, na dhana ile ikabaki palepale. Ilianza kulegea nilipopangwa kuhesabu sadaka pamoja na dada mmoja wa watu hao. Utaratibu mnaujua: kila mmoja huhesabu fungu lake, kisha mnabadilishana, na hesabu zikitofautiana mnaanza upya wote wawili kabla ya kutia sahihi. Siku moja zilitofautiana kwa noti moja tu, watu walikwisha kuondoka, nami nimechoka. Yeye akavuta mafungu yote mawili mbele yetu akasema, "Tuanze tena, ndugu yangu, hii si yetu." Hakuwa akinifundisha somo lolote. Tulikuwa watu wawili wenye sahihi za uzito mmoja, katika kazi moja, chini ya utaratibu uliowekwa na kanisa lenyewe.

Sasa niseme na ushirika wetu kwa upendo, lakini bila kuzungukazunguka. Tunajivunia kwamba watu wa kila namna wanaabudu pamoja nasi, ila itazameni orodha ya zamu. Ni nani hufagia na kupanga viti, na ni nani hushika kipaza sauti? Bwana na mtumishi wake huweza kuishi nyumba moja miaka mingi na dharau isipungue hata kidogo, kwa sababu ukaribu wa namna hiyo huilisha dharau. Yakobo aliwakemea waliompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Je, sisi angetuandikia nini? Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahaulika katika huduma ya kila siku ya kanisa la kwanza, mitume hawakuishia kuhimiza upendo, bali walibadilisha mpango wenyewe, na majina yote saba ya waliochaguliwa ni ya Kiyunani. Ninyi mnaopanga zamu za mwezi ujao, nawasihi mchanganye watu katika kazi zenye dhamana, si katika kufagia tu. Maombi ya umoja nitayaandika, lakini yasifanywe kuwa badala ya orodha hiyo.

Jambo moja bado linanisumbua. Huko Iraki, mtafiti Salma Mousa alifuatilia ligi ya soka ya Wakristo waliofukuzwa makwao na wapiganaji wa Dola la Kiislamu, ambamo baadhi ya timu ziliongezewa wachezaji Waislamu. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Wakristo wa timu hizo walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu za mchanganyiko msimu uliofuata, na kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baadaye. Lakini kwa Waislamu wasiowafahamu, nje ya uwanja, badiliko lilikuwa dogo.

Petro naye angeweza kuiacha habari ya nyumba ya Kornelio kulekule Kaisaria. Aliporudi Yerusalemu wenzake walimshutumu kwa kula na watu wasiotahiriwa, naye akawaeleza yote tangu mwanzo, hatua kwa hatua, akiwa na wale ndugu sita walioingia pamoja naye katika nyumba ile. Basi wewe uliyekaa na watu wanaosemwa vibaya kwenu, ukawajua, usinyamaze wanaposemwa tena mbele yako. Eleza tangu mwanzo ulichokiona, na kama yupo aliyekuwa pamoja nawe, mwite naye aseme.