Saini Yangu Katika Fomu ya Udahili wa Mapema

Juma lililopita binti wa kaka yangu alinijia hapa Nkuhungu, Dodoma, na kompyuta yake, akaniambia, "Shangazi, hapa inatakiwa saini ya mzazi au mlezi." Alimaliza kidato cha sita mwezi Mei, matokeo yalipotoka Julai akafurahi sana, na sasa anaomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani kwa njia ya udahili wa mapema wenye kufunga, yaani anaahidi kwamba akikubaliwa atakwenda chuo hicho.

Nilimwomba tusome kila mstari kwanza. Mwanafunzi, mzazi na mwakilishi wa shule hutia saini wote watatu; maombi hufungwa mwanzoni au katikati ya Novemba, majibu hutoka katikati ya Desemba, na akikubaliwa ni lazima aondoe maombi yake yote kwingineko. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, kwa sababu mtoto anayetegemea ufadhili huwa amekwisha kuahidi kwenda kabla hajajua atapewa kiasi gani, na hana barua ya chuo kingine ya kulinganisha. Kaka yangu, ambaye analima zabibu Hombolo, aliuliza kwa simu ni mkulima gani anayefunga mauzo ya shamba zima kabla bei haijatajwa.

Ni kweli kwamba familia inaweza kuomba kufunguliwa kutoka ahadi hiyo ikiwa msaada uliotolewa hautoshi. Hata hivyo, vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo asiyekuwa na insha na barua za walimu tayari hubakiwa na wiki mbili tu, tena za sikukuu, wakati shule zetu zimefungwa.

Si kila njia ya mapema inafunga. Harvard, Yale na Princeton huzuia tu kuomba mapema katika vyuo vingine kadhaa, lakini aliyekubaliwa ana hadi tarehe 1 Mei kuamua, na vyuo hivyo hutoa msaada kulingana na mahitaji hata kwa wanafunzi wa kigeni. Vyuo vingine vingi huangalia uwezo wa mgeni kulipa kabla ya kumkubali, jambo ambalo nadhani walimu wetu wangepaswa kuwaeleza watoto mapema zaidi.

Jumamosi tulikiandikia chuo chake barua pepe, tukataja kipato halisi cha kaka yangu na kuomba makadirio ya msaada kwa maandishi, yakihusisha nauli, bima na chakula cha likizo. Mpaka jibu lifike, sehemu ya saini yangu itabaki wazi, naye anaendelea kuandika insha za vyuo vingine vinne.