Daftari la Caz

Leo nimesikiliza tena "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, ile santuri ya mwaka 1979 inayokaribia dakika 15, na kama kawaida nimekwama palepale: Big Bank Hank, mmoja wa kundi hilo, anapopokea maiki. Anajitambulisha kwa kutaja jina herufi kwa herufi, na jina linalotoka ni Casanova Fly. Hank hakuwa Casanova Fly. Mwenye jina hilo alikuwa rafiki yake, kijana wa Bronx, New York, aitwaye Curtis Brown, ambaye wapenzi wa hip hop walikuja kumjua kama Grandmaster Caz. Kila nikizisikia zile herufi roho inaniuma upya. Nimeona niandike, maana wengi ninaowajua wanaupenda wimbo huu na hawajawahi kusikia habari zake.

Caz alizaliwa mwaka 1960. Alikuwa bado mvulana pale Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika, alipopiga disko la Agosti 11, 1973 kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, siku ambayo hip hop inaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Baadaye alipomwona Herc kazini, na yale maspika yake makubwa, akili yake ikahamia huko moja kwa moja. Akaungana na Luis Cedeño, yaani DJ Disco Wiz, anayetajwa kuwa dijei wa kwanza wa hip hop mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakawa wanapiga muziki viwanjani kwa umeme wa kuvuta kutoka nguzo za taa za barabarani. Usiku wa Julai 13, 1977 walikuwa uwanjani hivyohivyo taa zilipoanza kuzimika moja baada ya nyingine. Wakadhani ni wao waliounguza mtaa, kumbe New York nzima ilikuwa inaingia gizani. Maduka yakavunjwa usiku ule, na Caz mwenyewe husimulia kwamba naye aliondoka na mikisa, kile chombo cha kuchanganyia santuri. Hajisafishi. Hilo ni jambo mojawapo linalonifanya nimwamini anaposimulia mengine.

Mkono wake kwenye santuri ulikuwa mzuri, lakini madijei wazuri Bronx walikuwepo. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuwa anachana, yaani anarap, huku anapiga, na zaidi ya hapo alikuwa anaandika. Kazi ya emsii, yaani mshika maiki, siku zile ilikuwa hasa kuwaamsha watu, kuwaambia wapunge mikono, kuwasifu waliotoka mtaa fulani. Caz aliandika visa vyenye mwanzo na mwisho, vyenye majigambo na vichekesho. Kile kipande ambacho Hank anamtongoza Lois Lane, mpenzi wa Superman, na kumponda Superman mwenyewe kuwa si lolote si chochote, ambacho watu wanakikumbuka hadi leo, kimetoka kwenye daftari la Caz.

Daftari hilo ndilo linalonishika. Nimekulia nyumba moja na kaka aliyekuwa na daftari la mistari, la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Anasikiliza kaseti, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaandika alivyosikia, halafu ukurasa wa pili anaweka Kiswahili chake. Wengi Dar es Salaam walianzia hapo, na Saleh J alipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuweka Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby". Juu ya jalada kaka alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba atakayeligusa bila ruhusa watajuana. Hata sisi wa ndani hatukuligusa. Kwa hiyo nikisoma kwamba Caz alilitupa lake mezani mbele ya Hank na kumwambia achukue anachotaka, najua amempa kitu gani.

Na alikuwa na sababu ya kumpa. Hank hakuwa mwizi aliyepita dirishani. Alikuwa baunsa wa klabu, akawa meneja wa Caz, akakopa fedha kwa wazazi wake ili vyombo vya muziki viongezwe nguvu. Deni hilo ndilo lililompeleka kufanya kazi kwenye duka la pizza huko Englewood, New Jersey. Anakanda unga, kaseti ya Caz inalia, naye anafuatisha mistari. Sylvia Robinson, mwimbaji wa zamani aliyekuwa anaanzisha lebo ya Sugar Hill, alikuwa anatafuta vijana wa kurekodi. Yeye na wenzake wakamkuta Hank dukani, wakamsikiliza ndani ya gari pale nje, akapita. Hakuwa na mstari hata mmoja wa kwake, akarudi Bronx kwa rafiki yake.

Caz hakudai karatasi. Nani Bronx mwaka 1979 aliamini kwamba kuchana kungeuzika dukani? Alichotarajia ni kile ambacho rafiki yeyote angetarajia: Hank akifanikiwa, atamkumbuka. Wimbo ukatoka, ukauzwa kwa wingi sana, ukafika nafasi ya 36 kwenye chati kuu ya Billboard ya Marekani, ukawa rap ya kwanza kusikika na watu wengi duniani. Caz hakupata mrabaha, wala jina lake halikuandikwa miongoni mwa watunzi.

Linalonikera kuliko yote ni hili. Biti ya wimbo ule imejengwa juu ya "Good Times" ya bendi ya Chic, ya mwaka huohuo. Watunzi wake, Nile Rodgers na Bernard Edwards, walipogundua, walitishia kwenda mahakamani, na majina yao yakaingia kwenye utunzi. Walistahili, sina kinyongo nao. Wao walikuwa na lebo, mikataba na wanasheria, ndiyo maana muziki ukapata mwenyewe. Maneno yalikuwa ya mtoto wa Bronx mwenye daftari. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huu kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, pamoja na zile herufi za jina lake.

Watu wakimsimulia Caz huishia hapo, kana kwamba maisha yake yaliisha Hank alipotoka na daftari. Mimi nakataa. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Akajiunga na Cold Crush Brothers: Tony Tone na Charlie Chase kwenye santuri, yeye na JDL, Easy AD na Almighty Kay Gee kwenye maiki. Walikuwa na mpangilio wa sauti, wanapokezana mistari, wanaimba kwa pamoja kwa melodi walizozichukua kwenye nyimbo za redioni na kuzigeuza zao. Maonyesho yao yalirekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa na kuuzwa mkono kwa mkono, hata kwenye teksi za mtaani zikawa zinapigwa. DMC wa kundi la rap la Run-DMC amesema wazi kwamba kaseti ya Cold Crush ndiyo iliyomfungua macho. Ukiwapenda Run-DMC, basi unampenda Caz bila kujua.

Julai 1981 walipambana na kundi la Fantastic Five kwenye ukumbi wa Harlem World, mshindi dola 1,000. Ukumbi ukawapa ushindi Fantastic, waliokuwa wanapendwa na kina dada kupita kiasi. Lakini kaseti ya usiku ule ikasambaa, na waliosikiliza bila kuona mavazi wala sura, wengi wao waliwapa Cold Crush. Mimi pia nawapa wao. Makundi hayohayo mawili yanakutana tena ndani ya filamu ya Wild Style ya mwaka 1983, wanapambana kwenye uwanja wa kikapu.

Santuri zao zilikuja kwa kuchelewa: "Punk Rock Rap" mwaka 1983, "Fresh, Wild, Fly and Bold" mwaka 1984. Wakati huo kizazi kingine kilikuwa kimeshapanda jukwaani. Mwaka 2000 Caz alitoa "MC Delight", akasimulia kisa chote kwa mdomo wake. Hank alifariki Novemba 2014 na deni lake kwa Caz. Caz amekuwa akiwatembeza wageni Harlem na Bronx, akiwaonyesha mahali yote haya yalipotokea, na kazi hiyo anaifanya kwa moyo.

Nani anashikilia kalamu ya kuongeza jina moja kwenye orodha ya watunzi? Fedha za miaka yote hiyo huenda hazitarudi, sawa. Jina linawezekana. Ukitaka kumsikia Caz mwenyewe, santuri ziache kwanza. Tafuta ile kaseti ya Harlem World, ongeza sauti, vumilia mkwaruzo wake, na usikilize jinsi ukumbi unavyolipuka wao wanapopokezana maiki.