Skyrim kwa kitufe kimoja

Jumamosi, Nkuhungu. Leo nimeishika kazi niliyoiahirisha tangu Nanenane. Nataka gemu zangu zote zikae ndani ya Playnite, programu inayokusanya gemu za kompyuta kwenye orodha moja, na kila moja ifunguke kwa kitufe kimoja. Nimeanza kwa kupuliza vumbi kwenye feni, maana kwa upepo wa Dodoma msimu huu kompyuta isiyofunikwa haimalizi mwezi. Gemu nyingine zimekubali upesi. Imebaki Skyrim Special Edition, niipendayo kuliko zote, yenye modi 83 (nyongeza zinazobadilisha gemu) nilizozishusha kidogo kidogo kwa bando la usiku.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliifungua kwa kitufe cha kawaida. Ikaja kavu, bila modi hata moja, na alipofungua safari yetu iliyohifadhiwa ukatokea ujumbe kwamba inategemea vitu ambavyo havipo tena. “Kaka, niendelee?” Nikamwambia asiguse kitu. Angehifadhi juu yake, kazi yetu ya miezi ingeharibika.

Sababu ni jinsi Mod Organizer 2, programu ninayopangia modi, inavyofanya kazi. Haimwagi modi ndani ya Data, folda ya mafaili ya gemu yenyewe. Kila modi inalala kwenye folda yake, na gemu ikianzishwa kupitia humo ndipo inaziona zote kana kwamba zimo ndani ya Data. Ukiingilia mlango mwingine hukuti kitu. Naupenda sana utaratibu huu: nikiichoka modi naondoa tiki tu, na gemu yenyewe inabaki safi kama ilivyokuja. Tena kuna SKSE, programu ndogo inayoiongezea Skyrim uwezo ambao baadhi ya modi huutegemea, inayotaka uanze na skse64_loader.exe badala ya SkyrimSE.exe.

Jumapili. Ndani ya Playnite nimehariri Skyrim, nikaongeza kitendo kipya kinachoita ModOrganizer.exe, na kwenye nafasi ya vigezo nikaandika:

moshortcut://:SKSE

Kabla ya ile nukta mbili ya mwisho huwekwa jina la seti ya modi. Yangu ni ya kubebeka, kila kitu kimo folda moja, kwa hiyo pameachwa wazi. Baada yake ni jina la programu kama lilivyo kwenye orodha ya Mod Organizer. Kule nilikuwa nimeliandika kwa namna nyingine, ikagoma mpaka nilipoyalinganisha.

Jumanne. Tumecheza saa mbili, Playnite haijahesabu hata dakika tano. Nimegundua niliiacha Mod Organizer wazi. Ikiwa hivyo, ile inayoitwa upya huikabidhi ya kwanza agizo na kujifunga, na Playnite ikaona gemu imekwisha. Nimebadilisha ufuatiliaji uangalie folda ya gemu: chochote cha humo kikiwa kinaendelea, saa inahesabiwa.

Usiku mdogo wangu amebofya mwenyewe. Dirisha dogo la Mod Organizer likajitokeza, kisha muziki, kisha mhusika wetu na joho lake la modi, theluji ikimwangukia mabegani. Saa 1 na dakika 40, zimeandikwa sawasawa.

Kesho ni gemu nyingine, Fallout 4, na F4SE, ambayo kwake ni kama SKSE kwa Skyrim.