Mashine ya kuzaa spana namba 10

Fungua sanduku la spana la mtu yeyote mwenye Toyota kuukuu. Namba 13 utaikuta inang'aa, haijawahi kushika grisi, maana Mjapani hana kazi nayo: yeye ni 10, 12, 14, kwisha. Namba 14 utaipata. Namba 12 ukipekua utaipata. Namba 10, inayofungua kichwa cha betri na nusu ya makorokoro yaliyomo chini ya boneti, hiyo ilishaondoka na hakuna aliyeiona.

Kwangu Mbagala huondoka kwa adabu zote. Mtoto anapiga hodi: "Shikamoo mama Nasra, baba anaomba spana." Marahaba mwanangu, namba ngapi? "Amesema ile ndogo ndogo." Jioni anarudisha bisibisi, tena si yangu.

Ndiyo maana naitamani mashine ambayo unaingiza spana upande huu, zinatoka mbili upande wa pili. Nyundo, koleo, futi ya kupimia, hata ile spana malaya, inayojirekebisha ishike nati ya saizi yoyote, ambayo fundi wangu huitoa kwa masharti kuliko mkopo wa vikoba.

Kumbe ndugu yake yupo. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: printa ya 3D inayochapa vipande vyake yenyewe vya plastiki. Mwaka 2008 ikapata mtoto. Ila mota, nyaya na vyuma bado vinanunuliwa, kwa hiyo mtoto kazaliwa nusu, nusu nyingine ukatafute Kariakoo.

Kisha Desemba 2014 ikachapwa spana ya racheti angani, kwenye ISS, kile kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kamanda Barry Wilmore alisikika redioni akisema anaihitaji, watu wa Made In Space, kampuni iliyotengeneza printa ya huko, wakaichora huku chini, faili likapandishwa, na baada ya saa nne hivi spana hiyo mkononi. Mimi kilichonishangaza ni kingine. Kule hakuna jirani, hakuna mtoto wa kutumwa, mlango haufunguliwi hovyo. Nao pia walikosa spana?

Nilimwonyesha fundi picha ya spana hiyo. Akaitazama, akafuta mikono, akauliza, "Inafungua nati ya tairi ya Noah?"

Nikamwambia ni ya plastiki, ile ABS inayotengenezewa Lego, vitofali vya kuchezea watoto.

"Basi wamechapa kijiko."

Sijakata tamaa. Kichwa cha betri hakihitaji nguvu za kupigania ubingwa. Plastiki ngumu ingejaribu. Hofu yangu ni mtaa. Siku wakijua mashine ipo kwangu, hakuna atakayeomba spana tena. Wataomba kuchapa. Nyundo ya huyu, bawaba ya yule, na kila moja inakula saa zake, nami nimesimama pale sebuleni nikitazama LUKU yangu ikishuka yuniti baada ya yuniti, huku naitikia marahaba.