Punda Anatikisa Kichwa

Kilomita 412,380

Leo Punda, gari langu, nusura atulaze mtaroni. Tulikuwa tunatoka Gilgil kurudi Nakuru, tumeshapita nyama za Kikopey, tunateremka pale Ziwa Elementaita linapoonekana kushoto. Mshale ulikuwa kwenye 80. Tairi la mbele likakanyaga kiraka cha lami, na hapo hapo mbele kote kukaanza kucheza. Usukani unakwenda kulia na kushoto kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuizuia, dashibodi inagonga kama mlango wa choo kwenye upepo, kioo cha pembeni hakionyeshi kitu ila ukungu. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikagusa breki kidogo kidogo. Haikutulia mpaka tuliposhuka chini ya 45.

Shemeji alikuwa ameshika chupa ya chai. Chai yote ilimwishia mapajani. Alinyamaza mpaka Mbaruk, ndipo akasema: "Shem, hili gari lina pepo."

Kwa wasiomjua, Punda ni Land Cruiser HZJ75 ya 1993, pikapu, injini ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na tabo. Ekseli ya mbele ni moja nzima kama ya nyuma, imelala juu ya springi za bapa. Mjomba aliniuzia, na tangu hapo nimempaka rangi, nimemshonea viti, nimemwekea redio. Yaani nimeshughulikia kila kitu kinachoonekana.

Kilomita 412,391

Nimebadilisha dampa ya usukani, ile bomba ya mafuta inayozuia usukani usiyumbe ghafla. Ya zamani ilikuwa imevuja mafuta, ukiivuta inakuja bila ubishi wowote. Mpya imenigharimu 6,500. Nimekwenda kilomita chache na kurudi, nimepita juu ya viraka makusudi, kimya. Nimemtumia shemeji ujumbe kwamba pepo limetolewa.

Kilomita 413,020

Pepo limerudi. Safari hii kwa 75, barabara ya Njoro, mbele yangu lori la mbao na nyuma matatu inanipigia honi.

Nimempelekea fundi ninayemwamini, mzee mwenye gereji ya mabati karibu na reli. Hakufungua hata boneti. Aliuliza swali moja: "Mwalimu, inatikisika kila ukifika mwendo fulani, au inasubiri igongwe?"

Nilikaa na swali hilo jioni nzima, kwa sababu jibu ni yote mawili. Kuna mtetemo mdogo ambao nimekuwa nao karibu mwaka mzima: unaingia kwenye 85, unakolea kwenye 90, ukipita 100 (Punda hufika huko akiteremka tu) unapungua. Huo hauhitaji kiraka, unakuja wenyewe kwa adabu. Halafu kuna ule mchezo wa kichaa, ambao hauna mwendo maalumu. Unahitaji kuchokozwa, na ukishaanza haukomi mpaka upunguze sana. Mimi nilikuwa nimeviweka vyote kapu moja nikaviita "kutikisika". Yale 6,500 yalikwenda hapo. Dampa haiponyi kitu; inashikilia tu ugonjwa usionekane, na ikichoka kidogo ugonjwa unachungulia tena.

Kilomita 413,064

Nimeanza na ule mdogo, kwa kuwa ndio wa bei rahisi.

Kwanza hesabu. Matairi ya Punda ni 7.50R16, kipenyo kama sentimita 80, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 2.5 hivi. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Gurudumu linazunguka mara kumi kwa sekunde. Nilikaa kwenye kiti nikajaribu kuhesabu mtetemo kwa kugonga kidole: hauwezi kuhesabika vizuri, lakini ni wa namna hiyo, wa haraka na wa kujirudia, si mngurumo wa injini.

Pili, nikiwa kwenye 90 nilikanyaga klachi, nikaliacha gari liende fri. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki vile vile. Basi si injini wala klachi. Habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, zilikuwa zimefunguliwa zisishike shafti, kwa hiyo propela ya mbele, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli hiyo, haikuwa inazunguka. Nayo nikaifuta kwenye orodha. Breki sikuzigusa wakati huo wote, na mtetemo ulikuwepo, kwa hiyo diski hazina kesi.

Nikavua magurudumu. Aibu! Ndani ya rimu ya mbele kulia kulikuwa na tope la Mau Narok lililokauka likawa tofali, upande mmoja tu. Lile tope jekundu la huko shambani ukiliacha wiki moja unaweza kulijengea. Nililibandua kwa bisibisi, likajaza kopo la rangi la lita moja. Mwaka mzima nilikuwa ninaosha gari kwa nje.

Kubalansi magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake, kulikuwa na vituko vyake. Duka la kwanza walifunga rimu kwenye mashine kwa koni ndogo, wakapachika vipande vya risasi vya kusawazisha, wakasema iko sawa. Nilipoirudisha barabarani ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tundu la katikati la rimu ya Land Cruiser ni kubwa, milimita 110, na bila koni kubwa rimu inakaa pembeni ya kituo chake, kwa hiyo mashine inabalansi kitu kisichokuwepo. Duka la pili walikuwa na koni kubwa. Waling'oa risasi zote za duka la kwanza wakaanza upya. Rimu moja walishindwa kuikamilisha, imepinda kidogo. Nikaihamishia nyuma kulia. Sasa usukani umetulia kwenye 90.

Kile kiraka sijakipitia. Naogopa.

Kilomita 413,071

Jumamosi, gereji. Jeki chini ya ekseli, magurudumu ya mbele yote mawili juu, stendi mbili na gogo moja, kwa sababu fundi haamini stendi.

Alishika tairi juu na chini akalisukuma na kulivuta. Kulia lilicheza, kale ka-"tok" unakokasikia mkononi kabla ya sikioni. Mimi nikasema beringi za habu. Fundi akamwita kijana wake: "Ingia ukanyage breki, usiachie." Akatikisa tena. Bado tok.

Hiki ndicho kitu nilichojifunza siku hiyo, na sijui kwa nini nilifika umri huu bila kukijua. Ukikanyaga breki, habu inafungwa pamoja na nako, kile chuma cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na gurudumu ukikata kona. Kama mchezo ungekuwa kwenye beringi za habu, ungepotea. Ukibaki, uko ndani zaidi: kwenye beringi za kingpini, zile mbili ndogo, ya juu na ya chini, ambazo nako nzima huzungukia.

Ncha za tairodi, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, tulizijaribu pia, mmoja akigeuza usukani nusu nusu na mwingine ameweka kiganja juu ya kila kiungo. Moja ya kulia ilikuwa imelegea kidogo. Bushi za springi, nzima. Sanduku la usukani, bolti zimekaza.

Kufungua kumetuchukua siku nzima. Kalipa pembeni, imefungwa kwa waya isining'inie kwenye paipu. Habu, nati ile kubwa ya 54, diski, spindo, shafti na kichwa chake, ukitoka nao mikono imejaa grisi nyeusi mpaka kwenye viwiko. Washa za koni zilikataa kutoka. Fundi hazing'oi kwa patasi. Anagonga nyundo ya shaba pembeni mpaka zinaruka zenyewe kama mahindi kwenye sufuria. Shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, za juu na za chini kila moja imewekwa kwenye kopo lake, maana zikichanganywa nako haikai tena katikati.

Beringi ya chini ilipotoka nilielewa yote. Kwenye kikombe chake kulikuwa na mistari iliyobonyea, mmoja kwa kila rola. Hizi beringi hazizunguki kama za gurudumu. Maisha yao yote zinakaa pale pale, gari likienda moja kwa moja, zikipigwa na mashimo ya barabara. Miaka thelathini rola zinapiga mahali pamoja, zinachimba vitanda vyao. Ukaze ukaisha. Gari halina tena kitu cha kuishika nako, kiraka kikiligonga tu, magurudumu yanaanza kupigiana mpira kupitia tairodi.

Kilomita 413,071, siku ya pili

Beringi mpya pande zote mbili, sili mpya, grisi. Kupima ukaze fundi alileta mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia viazi gulioni. Akaitundika kwenye tundu la tairodi, akavuta nako kabla shafti na sili havijarudi. Kushoto, na beringi zake za zamani, ilikuwa imesoma kilo moja na nusu. Kulia haikusoma kitu. Sasa, baada ya kupunguza shimu moja, kilo 4 kila upande, na nako inageuka nzito nzito bila kukwama.

Ncha ya tairodi ikabadilishwa. Magurudumu tuliyapima kwa chaki na futi: mbele yalikuwa yamepanuka milimita 4 kuliko nyuma ya tairi. Tumeyaleta ndani, sasa mbele kumepungua milimita 2 kuliko nyuma.

Kilomita 413,158

Jumapili asubuhi, barabara tupu. Fundi alinitaka nivue dampa kabisa. "Ukiiacha, utajuaje?" Alikaa kando yangu amefunga mkanda, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Tulikwenda hadi Gilgil, tukageuka, tukashuka pale pale juu ya Elementaita kwa 80, nikalenga kiraka kile kwa tairi la kushoto.

Tup. Usukani uliruka kidole kimoja, ukarudi.

Nikageuka Mbaruk nikapanda tena, nikakipiga kwa 85. Fundi alikuwa anaangalia ziwa.

Dampa imerudi mahali pake. Kiti bado kinanguruma kidogo kwenye 90, kwa hiyo ile rimu iliyopinda, nyuma kulia, ndiyo inayofuata.